Kofia ya Mwalimu Bron

Sogeeni, wanangu, vuteni viti mpaka magoti yenu yaguse kitanda, kwa maana sauti yangu haifiki tena barazani, na sitaki baadaye mmoja aseme Mama alisema hivi na mwingine aseme alisema vile. Des, usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Ingia, mwanangu. Garth, mpishe shemeji yako kiti, na umpishe kwa uso mzuri. Bron, binti yangu, weka chini hicho kipimajoto. Mimi ni mtu anayekufa, joto langu halina kazi tena. Na wajukuu wangu Merrin na Posy waje wakae hapa miguuni pangu, wasitolewe nje, kwa sababu nitakayoyasema yanawahusu wao kuliko ninyi.

Daktari anayezuru mashamba kwa ndege aliponiambia moyo wangu umechoka alitaka kunibeba mpaka hospitali ya pwani. Nikamwambia, asante baba, ndege yako wawekee wenye safari ya kurudi. Akacheka, kisha akanishika mkono. Mnajua ni wangapi duniani wanaokufa wakiwa wanaona dirisha lao wenyewe, na nyuma ya dirisha vumbi lao wenyewe? Mimi nimepewa hilo. Nashukuru, na shukrani ndiyo ninayotaka mnisikie nikiitoa leo, hata pale nitakapowakemea.

Nianze na mali, maana ni maneno machache. Ardhi hii ya Wirrabilla, toka lango la barabarani mpaka ng'ambo ya mto mkavu, baba yenu Lachlan aliniachia mimi, nami nawaachia ninyi wawili, Bron na Des, bila kuikata. Bron na Garth wakae waifanyie kazi, na Des apate fungu lake la manyoya kila kondoo wanaponyolewa, kama anavyopata sasa. Nyumba ni ya Bron. Bunduki ya baba yenu ipelekwe kituo cha polisi mjini, sitaki ibaki kwenye nyumba yenye watoto. Cherehani ni ya Posy, kwa kuwa ndiye peke yake katika ukoo huu anayeweza kutunga uzi kwenye sindano bila kutukana. Cheka, mjukuu wangu, cheka. Bibi hakatazi.

Sasa ule ugomvi. Krismasi iliyopita, tukila kondoo wa kuchoma mezani, Des ulisema, "Shemeji, hawa watoto mnawasomesha au mnawafuga?" Na wewe Garth ukajibu, "Angalau hawa wanajua maziwa yanatoka kwa ng'ombe. Wako wanafikiri yanatoka kwenye friji." Tulicheka wote, na ninyi mlicheka, ila kicheko kilipokwisha hamkusemeshana tena mpaka juzi mlipokutana kwenye kitanda changu. Nyote wawili mlisema kweli kidogo na kuudhi sana. Des unawapenda watoto wa dada yako, ndiyo maana unaogopa umbali huu. Garth unawapenda watoto wako, ndiyo maana hutaki mtu wa pwani akufundishe kulea. Peaneni mikono hapa, juu ya blanketi langu, nione. Si hivyo, Garth, huo ni mkono wa kununulia kondoo. Shika vizuri. Haya. Asanteni.

Maji kidogo, Bron. Si ya barafu.

Bron na Des, ninyi wawili nilikufundisheni mimi mwenyewe kwenye meza ile ile ya barazani, mwalimu akisema kutoka mjini kwenye simu ya upepo kwa mikwaruzo, mimi nikirudia alichosema, nanyi mkinibishia. Mtoto wa mjini akiumwa anaikosa shule, lakini ninyi mlipoumwa shule iliwafuata kitandani. Des, majedwali yako ya kuzidisha uliyasoma umelala na beseni kifuani, na masikio yako yalikuwa yakitoa usaha kila msimu wa vumbi. Nilikuwa nafungua lile sanduku kubwa la dawa, lenye chupa zilizoandikwa nambari, nampigia daktari simu ya upepo, naye ananiambia mpe nambari fulani, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Na kwa kuwa simu ile ilisikika katika kila nyumba ya eneo hili, siku nilipomweleza daktari habari za choo chako, Des, majirani walikujulia hali mpaka kwenye mnada wa kondoo. "Vipi kijana, limefunguka?" Ulikuwa unajificha nyuma ya gari. Leo una kampuni na mkoba wa ngozi, lakini wazee wa hapa wanakukumbuka kwa tumbo lako.

Na mnakumbuka kambi ya kila mwaka, watoto wote wa mashamba walipokusanywa mjini wacheze na wenzao? Mlikuwa mnaondoka wazima kama sahani mpya, mnarudi mmebeba kila mafua na kila kikohozi ambacho watoto wa mjini walikuwa wamekizoea. Nilishinda siku nyingi nikiwapaka kifua na kuwapikia mchuzi wa mifupa. Nilikuwa nachoka mpaka nalia bafuni, kisha nanawa uso, natoka, nafundisha kugawanya. Sasa nayakumbuka na kuona nilikuwa tajiri. Watoto wangu walikuwa mbele ya macho yangu mchana kutwa. Niliwaona mkielewa jambo. Kile kitambo uso wa mtoto unapofunguka kwa sababu herufi zimegeuka neno, mama wengine wanasimuliwa na walimu, mimi nilikiona mwenyewe.

Bron, sasa nakuja kwako. Usiangalie dirisha, niangalie mimi.

Ulipoanza kuwafundisha hawa wawili ulipata taabu ambayo mimi sikuipata, maana ninyi mlikuwa na mwalimu wa simu ya upepo wa kuogopwa, wao walikuwa na wewe tu. Kila ukiandika ubaoni, Posy anakuja na goti lililochubuka, Merrin anakuja na mashtaka, Mama huyu kanitazama, Mama nina kiu. Basi ukachukua kofia kuukuu ya baba yako, ukaweka sheria. Kofia ikiwa kichwani wewe ni Mwalimu, na Mwalimu haambiwi habari za magoti. Kofia ikivuliwa wakati wa chai, Mama amerudi, aambiwe yote. Na watoto wakaipenda. Niliwasikia kutoka jikoni wakinong'onezana, "Mwambie Mama." "Mama hayupo, kuna Mwalimu." Garth alipita siku moja akakuita mpenzi mbele yao, nao wakamzomea, "Baba, unamwita Mwalimu mpenzi?" Nilicheka mpaka nikaunguza mkate.

Kisha ikaja siku ile. Lori la posta lilikuwa linakuja kuchukua kazi za watoto kwenda kusahihishwa, nanyi mlikuwa nyuma na kazi, ukasema leo tunakunywa chai hapa hapa mezani, na kofia haikuvuliwa. Merrin aliamka na tumbo. Akafanya hesabu zake za sehemu, akaandika imla yake, akachora ramani ya mito, akiumwa, akimsubiri Mama arudi. Mtoto wa miaka minane. Alipoanguka kutoka kwenye kiti ndipo ukaitupa kofia, na neno la kwanza alilosema ni, "Mama, umekuja."

Najua. Najua, mwanangu. Neno hilo unalisikia kila siku. Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka, ndege ikaja, wakamchukua, wakamkata, wakamshona, na huyu hapa amekaa kwenye miguu yangu, mzito kama gunia. Lakini wewe tangu siku hiyo hujarudi. Kofia hukuivaa tena. Darasa linafunguliwa leo, kesho limefungwa kwa sababu Posy amepiga chafya. Kila asubuhi unawapanga uwanjani, ulimi nje, macho juu, shati juu. Unampigia daktari kwa kipele. Na Merrin si mjinga. Ameona kwamba akishika tumbo, kugawanya kunaahirishwa. Usinifinye, Merrin, Bibi anaona kila kitu. Wiki iliyopita ulishika tumbo upande wa kushoto.

Na sasa shule ya bweni ya mji wa pwani inawangojea, Des amewatafutia nafasi, kwa nia njema kabisa, na Jumatatu unatakiwa kupiga simu kusema ndiyo au hapana. Garth ananyamaza akidhani kusema ni kukulaumu. Wote mnangoja mimi niamue, kwa kuwa neno la mtu anayekufa halibishiwi. Nimelisikia hilo mkisema jikoni. Kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Sitaamua. Lakini nitasema, na leo utanisikiliza mpaka mwisho, Bron, kwa sababu kila nikianza habari hii unaondoka kwenda kuanua nguo, hata zikiwa hazijakauka.

Siku ile ulikimbilia gari, wewe na Garth mkaenda kiwanjani kufukuza kondoo ili ndege ipate pa kutua. Mimi nilibaki na simu na mtoto. Daktari akaniuliza linauma wapi, nami nikababaika, nikasema tumboni, tumboni baba, tumbo lote. Na Merrin, amejikunja sakafuni, akasema, "Bibi, nipe." Akaeleza. Ukutani mwa darasa ulibandika ule mchoro wa mwili unaokuja na sanduku la dawa, wenye herufi kila sehemu, ukawafundisha kuusoma kama mnavyosoma ramani. Akasema, "Lilianza F, karibu na kitovu, kabla ya kifungua kinywa. Lilihamia J, chini kulia, wakati wa imla. Saa hizi limeenea kote na nasikia baridi." Hivyo hivyo, kwa mpangilio, kama anajibu swali.  Kisha nikamsikia anamwambia rubani, "Kidole tumbo kimepasuka, tunabeba kila kitu." Walipotua walikuwa tayari. Akaniuliza mlangoni mwa ndege, "Nani kamfundisha huyu mtoto kujieleza?" Nikasema mwalimu wake. Akasema, "Mpe mwalimu huyo asante yangu." Nimekuletea asante hiyo mara ngapi? Na kila mara unaniambia, Mama, usinibembeleze.

Sikubembelezi. Sina pumzi ya kubembeleza. Nasema mtu mmoja alivaa kofia muda mrefu kupita kiasi, na mtu huyo huyo ndiye aliyemfundisha mtoto maneno yaliyomwokoa, na huwezi kumfukuza mmoja ukabaki na mwingine. Kama watoto wanataka bweni, wapeleke. Waulize. Bweni si jela, na Des atawatazama. Ila usiwapeleke kwa sababu unajiogopa. Nyumba inayoendeshwa na woga hainuki vizuri, na mtoto ananusa.

Ngojeni... kidogo. Nigeuzeni upande huu.

Haya. Maagizo. Nizikwe kando ya Lachlan, bila maua ya plastiki. Kasisi asiseme nilikuwa mvumilivu, mtacheka. Wageni wapewe chai ya moto na keki nzuri, si ile ya Garth. Des, kaa wiki moja usifungue mkoba. Tengenezeni pampu, wewe na shemeji yako, inalia tangu masika... Ndiyo, pamoja.

Na leo... leo ni siku gani? Alhamisi. Alhamisi watoto wana imla. Mbona mmekaa? Hapana, Bron, si baadaye. Sitaki ukimya ndani ya nyumba hii. Nimeishi na sauti za watoto wanaosoma, nataka niondoke nazo. Leteni vitabu hapa. Posy, andika juu ya magoti. Wewe soma, binti yangu. Kichwa wazi, hivyo hivyo ulivyo.

Ah. Sauti yako inatetemeka, haidhuru... Wanaandika. Naisikia penseli.

Nani kasema? Merrin? Sema tena, mjukuu wangu. Shingo inauma kwa kuinama... Basi mwambie mama yako, si mimi. Umemsikia, Bron? Kamwambia katikati ya imla. Msogezee mto. Vizuri. Sasa rudi kwenye sentensi. Unaona... hakuna kilichoanguka.

Nawashukuru. Bron, nakushukuru kwa kunipa kazi jikoni mpaka mwisho. Garth, kwa kuni. Des, kwa kuja. Mungu awape pumzi ndefu, macho mazima, vifua visivyobana kwa vumbi... awape watoto wanaosema panapowauma, na wazazi wanaosikia mara ya kwanza. Awalinde mlipo, hapa ama mjini.

Soma, mwanangu. Polepole kidogo kwa Posy... Mimi mniache nyuma. Usinisubiri. Sentensi inayofuata.