Vitufe Arobaini na Kimoja

Benchi hili nililigongomea mwenyewe kwa mbao za makreti, kwa hiyo sheria naweka mimi: anayekaa anakunywa, asiyekunywa asimame. Liko kwenye kona, kati ya karakana ya Fundi Kabati na duka la cherehani la Mama Mshono, na kila alasiri wanakaa watu walewale. Fundi Kabati ni seremala, ana vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Waya ni fundi umeme, mwembamba, anaongea kama anakimbizwa. Mwalimu Zamu alistaafu kufundisha miaka sita iliyopita lakini mpaka leo anatuita kwa kidole. Mimi nauza kahawa, na kitu nisichokipenda ni uongo mdogomdogo. Mtu akiamua kudanganya kwenye benchi langu, adanganye kwa kiwango. Siku hiyo, saa tisa na nusu, hata Mama Mshono alikuwa ameacha cherehani na kuja kukaa, maana binti yake, tunayemwita Mtaalamu, alikuwa mwisho wa benchi na kompyuta mapajani, anasubiri saa kumi ifike.

Waya: Hebu niambie tena, dada. Jana nilielewa, leo nimeamka sielewi. Saa kumi kuna nini?

Mtaalamu: Saa kumi wazee wa mradi wanaipokea kazi yangu au wanaikataa. Toleo jipya linatoka leo. Nikilikosa hili, mpaka mwakani.

Waya: Na kazi yenyewe ni…?

Mtaalamu: Vitufe, kaka. Vitufe.

Nieleze hapa, kwa sababu hata mimi ilinichukua mabirika matatu kuelewa. Kuna kitu wao wanakiita maktaba, ila usitafute vitabu humo. Ni ghala la vipande vilivyo tayari vya kutengenezea tovuti: vitufe vya kubonyeza, visanduku vya kuandikia, menyu, na kadhalika. Mtu yeyote anachukua bure, anafungua ndani, anasoma kilivyoundwa, anarekebisha, anarudisha. Wanaoitunza, hao wazee wa mradi, wametapakaa duniani, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso. Sasa kwa miaka tisa, kila aliyehitaji kitufe aliona uvivu kusoma cha mwenzake, akatengeneza chake. Vikafika arobaini na kimoja. Huyu binti, aliyeanza kujifunza kazi hii kwenye simu ya mama yake katikati ya vipande vya vitambaa, amekaa miezi mitatu akavifumua vyote, akashona kitufe kimoja kinachofanya kazi ya vyote. Na kwa nje hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Waya: Hapohapo ndipo ninapopotea. Miezi mitatu, halafu kitu kiko vilevile?

Mtaalamu: Vilevile kabisa. Ndiyo kazi yenyewe.

Fundi Kabati: Waya, wewe unayeficha nyaya ukutani ulitakiwa uwe wa kwanza kuelewa! Sikiliza. Niliwahi kuletewa kabati la bibi mmoja. Nje linang'aa. Ndani, kila fundi aliyepita kapiga msumari wake, misumari juu ya misumari. Nikalibomoa lote, nikaunga mbao upya kwa gundi, nikarudisha milango ileile. Bibi akaja, akalizunguka, akasema, "Mbona hujafanya kitu?" Jamani. Ilinitoka roho.

Mama Mshono: Ulilia.

Fundi Kabati: Vumbi liliniingia.

Mama Mshono: Ulilia, fundi, nilikuwepo. Nilikupa kitambaa changu cha kufutia mashine.

Mwalimu Zamu akanyanyua kidole, tukanyamaza wote. Sijui kwa nini huwa tunanyamaza.

Mwalimu Zamu: Binti yangu, wasomee kile kitufe cha kumi na saba.

Mtaalamu akacheka, mara ya kwanza tangu akae. Ndani ya kitufe cha kumi na saba, mtu asiyejulikana alikuwa ameacha ujumbe kwa atakayefungua: "Usiguse. Sijui kwa nini kinafanya kazi."

Mimi: Na wewe ukagusa?

Mtaalamu: Nikagusa. Kikagoma siku nne. Siku ya tano nikagundua kilikuwa kinaegemea kosa lililomo kwenye kitufe cha tisa. Nikirekebisha kile, hiki kinaanguka.

Mwalimu Zamu: Nilifanya kazi chini ya mwalimu mkuu wa namna hiyo. Hatukumgusa mpaka akastaafu.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye ndala za Waya. Lakini nisiseme uongo, nilimtazama yule msichana nikasema moyoni, huyu ana ujasiri. Mimi birika langu lina mpini uliolegea tangu mwaka juzi, na naogopa kuugusa.

Waya: Sawa, umegusa. Unajuaje hujaharibu?

Mtaalamu: Kuna programu inapiga picha kurasa zote kabla na baada, halafu inaweka picha moja juu ya nyingine. Kikisogea kitone kimoja, inapiga kelele. Picha mia tatu na kumi na mbili. Haijapiga kelele hata mara moja.

Fundi Kabati: Mia tatu na kumi na mbili! Mimi nikitengeneza meza mbili, lazima moja iwe na mguu mfupi.

Mama Mshono: Inajulikana.

Fundi Kabati: Lakini tusijisahau, ndugu zangu. Na sisi tumo humo. Nani aliamua kuhusu yale maneno?

Kweli, kwa hilo tulikuwa tunajivunia. Kama mwezi mmoja nyuma, Mtaalamu alikuja na kisa. Kwenye baadhi ya vile vitufe vya zamani, vile vyenye kapicha tu bila maandishi, alikuta ndani kuna maneno ambayo kwenye skrini hayatokei. Huku kimoja, kule viwili, kila fundi kayaandika kwa namna yake. Akadhani ni kumbukumbu walizojiachia waliotangulia, kama ule ujumbe wa kumi na saba. Akatuuliza: kitu kisichoonekana popote, kikae au kitoke? Benchi likapiga kura. Wote tulisema kitoke. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe, ila mkono niliunyoosha.

Fundi Kabati: Nilisema mimi: takataka hiyo, randa ipite. Kwa hiyo kitufe hiki kikipokelewa, kina jasho la karakana yangu.

Waya: Na langu. Sasa niwaambie kitu ambacho hamjakifikiria. Hii maktaba inatumika wapi? Kila mahali. Hospitali, benki, viwanja vya ndege. Kitufe kimoja! Yaani huyu dada akipiga chafya vibaya hapa, kuna rubani huko juu anabonyeza, hakibonyezeki.

Mtaalamu: Rubani hatumii tovuti, kaka.

Waya: Hujui. Mambo ya huko juu hujui.

Fundi Kabati: Mimi naenda mbali zaidi. Vitufe arobaini na kimoja vimekuwa kimoja, si ndiyo? Akimaliza, atachukua visanduku, navyo vitakuwa kimoja. Halafu menyu. Mwisho dunia nzima itabaki na kipande kimoja tu kinachofanya kila kitu, na fundi wake ni jirani yangu ninayemwazima msumeno.

Mama Mshono: Hujawahi kumwazima msumeno.

Fundi Kabati: Nitamwazima leo.

Mwalimu Zamu: Nyote hamjagusa kiini. Jiulizeni: watu wenye akili zao, wamesambaa duniani, wanafanya kazi bila mshahara kwa miaka tisa. Kwa nini? Kwa sababu hao ndio wanaoendesha mambo! Marais ni wa kupigia picha. Kazi ikipokelewa, binti anapewa ufunguo wa mradi. Si umesema utapewa ufunguo, binti?

Mtaalamu: Ni ruhusa tu, mwalimu. Ya kupokea kazi za wengine.

Mwalimu Zamu: Ruhusa! Mnasikia lugha yao? Nawaambia, kufikia mwakani, kabla vita haijaanza popote, itabidi kwanza waulize kwenye benchi hili.

Huo ndio uongo wa kiwango ninaousema. Nikamwongezea mwalimu kikombe.

Mama Mshono hakucheka. Alikuwa akivitazama vidole vya mwanawe vinavyogonga pembeni mwa kompyuta. Miezi mitatu hiyo alikuwa akimwekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa na kukikuta kimepoa. Majirani walimuuliza binti anafanya nini siku nzima ndani, akawajibu anashona vitufe, wakafikiri ni vya mashati. Hakuwasahihisha.

Saa kumi kasoro robo akaja mtu ambaye hatumjui. Shati la mistari limepigwa pasi, miwani myeusi, fimbo nyeupe inayogonga ukingo wa barabara haraka haraka. Akasimama mbele yetu.

"Habari za hapa. Nani kati yenu ana suruali yangu?"

Mama Mshono akainuka. Alikuwa mteja wake, ambaye kazi yake ni kupokea simu hospitalini. "Shikamoo, baba. Iko tayari. Ila nakuomba ukae kidogo, mwanangu anasubiri majibu saa kumi, siwezi kumwacha sasa hivi."

"Marahaba. Basi nakaa." Akakaa. Nikammiminia kabla hajaomba, akakipata kikombe mara moja mkononi mwangu. "Majibu ya nini?"

Ilikuwa kosa kuuliza. Tulimweleza wote kwa pamoja: arobaini na kimoja, mia tatu na kumi na mbili, rubani, randa, marais. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Hongera, binti. Si kazi ndogo hiyo. Naweza kukijaribu?"

Mtaalamu aling'aa uso. Akamtumia ukurasa wa majaribio kwenye simu. Mzee akaisogeza simu karibu na sikio, akapitisha kidole kwenye kioo, na simu ikaanza kumsomea kwa ile sauti yake kavu.

"Kitufe."

Fundi Kabati: Mnasikia! Imekitambua! Kitufe!

Mzee akasogeza kidole.

"Kitufe."

Waya akapiga makofi. Mzee akasogeza tena.

"Kitufe."

Akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi. Kitufe, kitufe, kitufe.

"Kipi cha kutuma na kipi cha kufuta?" akauliza.

Waya: Rahisi, mzee wangu! Cha kutuma kina kindege cha karatasi. Hicho cha kulia chenye pipa la taka ni cha kufuta.

"Ahsante. Na nikiwa kazini, wewe hupo?"

Waya akamtazama Fundi Kabati, Fundi Kabati akaitazama mikono yake. Mwalimu Zamu, mtu aliyejibu kila swali nililowahi kusikia likiulizwa kwenye kona hii, aliinua kidole, kikakaa hewani, kikashuka. Na mimi ninayeandika haya nilijifanya natafuta kifuniko cha birika.

"Vya kazini vinasema," mzee aliendelea, bila ubaya wowote. "Si vyote. Baadhi. Tuma, Futa, Rudi. Hospitali tunatumia tovuti moja nadhani imejengwa kwa vitu vyenu hivi."

"Yale maneno," Mtaalamu akasema polepole. "Yalikuwa ya kusomwa kwa sauti. Niliyafuta mimi."

"Tuliyafuta," nikasema. Ilinichoma kusema, lakini ningenyamaza ningekuwa mtu wa hovyo.

Hapo kompyuta ikalia. Mzee mmoja wa mradi alikuwa ameandika, na binti akatusomea: kazi safi kuliko zote alizoziona mwaka huu, picha zote zimekubali, anaipokea baada ya dakika tano, karibu sana miongoni mwetu.

Waya akamwinamia. "Dada, acha ipite. Yale maneno utayarudisha wiki ijayo taratibu. Nani atajua?"

"Ikipita leo, kesho asubuhi iko hospitalini kwake."

"Miezi mitatu, dada."

"Najua ni miezi mingapi, kaka Waya. Nilikuwepo."

Akaanza kuandika. Aliandika sana, kisha akafuta, kisha akaandika kifupi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, vidole vilikuwa na kazi. Niliwahi kuona watu hodari kwenye kona hii, wa kubeba magunia mawili, wa kupigana na watatu. Sijawahi kumwona mtu hodari kama yule mtoto kwa zile dakika nne, na nasema hivyo mbele ya yeyote. Akabonyeza. Akafunga macho.

Mama Mshono aliuliza kwa sauti ndogo, "Wameikataa?"

"Hapana, mama. Nimeikataa mimi."

Mama alimtazama yule mteja wake anayesubiri na simu mkononi, akamtazama mwanawe. Kisha akasogea kwenye benchi, akamshika mzee kiwiko na kumsogeza taratibu mpaka akawa bega kwa bega na binti.

"Basi fumua," akasema. "Baba yupo, atakusikilizia."