Dkt. Paskalia Mabula na Ndama wa Mwezi Machi

Tunayemzika leo, Dkt. Paskalia Mabula, au Mama Davis kama wengi mlivyomwita, alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 huko Mhunze, Kishapu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mabula Shija na mama yetu Salome. Wa pili na wa mwisho ni Luka, anayesoma wasifu huu.

Nyumbani kwetu jumla ya ng'ombe haikutajwa mbele ya mgeni. Paskalia akiwa na miaka minane, bwana mifugo alimkuta zizini akamuuliza baba ana ng'ombe wangapi. Alikataa kusema. Ila kwa adabu alimweleza kwamba ndama ni saba, mitamba mitano, majike kumi na mmoja na madume manne. Bwana mifugo alishukuru, akaandika ishirini na saba. Baba alinuna siku mbili.

Alisoma Shule ya Msingi Mhunze kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari Shinyanga mjini, na kidato cha tano na cha sita Tabora, akamaliza mwaka 1992. Shahada zake tatu za hisabati alizipatia Dar es Salaam, ya uzamivu ikiwa ya mwaka 2005. Mama alipomuuliza anasomea nini hasa, alijibu kwamba kundi la ng'ombe halijulikani kwa idadi peke yake, bali kwa umri wa kila mmoja, kwa kuwa mwenye kuzaa si mwenye kunyonya. Milinganyo ya mambo hayo haimaliziki kwa kalamu. Hukatwa vipande vidogo vya umri na vya muda, na kompyuta ikakokotoa kipande kwa kipande. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba huko kukatakata hakuzai uongo. Mama alisema amesikia, akarudi jikoni.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa mjini Geita na Valerian Bugingo, mwalimu wa fizikia. Mahari ilipoletwa Mhunze, bibi harusi mwenyewe alikwenda kukagua umri wa ng'ombe, akasema watatu kati yao ni vikongwe. Shemeji Valerian aliwabadilisha, na hadi leo hulitaja jambo hilo watu wakianza kumsifia mkewe kwa upole. Walijaliwa watoto wawili, Davis na Loveness.

Alifundisha chuo kikuu kwa miaka kumi na minane. Wanafunzi wake wamejaa hapa, nao watasema yao. Familia inasema lifuatalo.

Tarehe 25 Juni 2016 aliitwa Mhunze kuzungumza na wafugaji, kwa kuwa dalili za ukame zilikuwa zimeonekana. Swali lilikuwa moja: wahamishe mifugo mapema kwenda magharibi, au wabaki. Alionyesha jedwali lililosema kwamba hata kundi likipigwa vibaya, litarudi katika hali nzuri ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kukimbia. Wengi walihama hata hivyo. Luka hakuhama, kwa sababu msemaji alikuwa dada yake.

Luka alikuwa na ng'ombe arobaini na wawili. Ukame ulipokwisha alibaki na tisa. Jedwali lilisema kufikia Novemba 2019 wangekuwa ishirini na wawili. Walikuwa kumi na wanne.

Mwezi huo Paskalia alikuja na kompyuta yake kutafuta sababu, akiamini ni ugonjwa au mvua. Luka hakujua hisabati hiyo, lakini alijua ng'ombe. Alimwomba aache kundi zima, awafuate ndama waliozaliwa Machi peke yao. Akawafuata mwezi kwa mwezi. Ilipofika Desemba, kwenye kioo cha kompyuta, baadhi yao walikuwa na watoto.

Luka alimwambia, "Dada, ndama wako wanazaa wakiwa bado wananyonya."

Paskalia alikuwa amegawa umri kwa miaka mizima, kwa sababu ndivyo wafugaji walivyomtajia, huku muda akiusogeza kwa mwezi. Kila mwezi kompyuta ilihamisha sehemu ya kumi na mbili ya kila rika kwenda rika la mbele, bila kujua nani amezaliwa lini. Wachache waliteleza hadi utu uzima ndani ya miezi michache, wakazaa, na watoto wao nao wakateleza.

Wenzake wa chuoni walimshauri asahihishe kimyakimya, kwa makala. Tarehe 14 Desemba 2019 alirudi Mhunze, akasimama mbele ya watu walewale. "Kosa hili ninalifundisha darasani kila mwaka," alisema. "Nililifanya kwa haraka, na mliopoteza mlipoteza kwa sababu mliniamini. Kosa ni langu, si la mvua."

Baada ya hapo aliandika upya hesabu yote, umri na muda vikienda hatua moja, ndama waliozaliwa mwezi mmoja wakikua pamoja. Ndiyo inayotumika sasa. Luka aliuza waliobaki, akahamia Bugarama kufanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Dada alipiga simu kila Jumapili. Luka alipokea chache, akajibu kwa kifupi.

Agosti 2023 Paskalia aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Mwanza. Februari mwaka huu alimpigia Luka akamwomba aandike wasifu huu. "Uandike na la ng'ombe," alisema. "Ukiliruka, vijana watalirudia." Luka alisema ataona. Dada alifariki nyumbani kwake Kalangalala, mjini Geita, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi. Kamati ya mazishi iliomba aya za ng'ombe ziondolewe, kwa heshima ya marehemu. Zimebaki.

Marehemu ameacha mama, Salome, mume, Valerian, watoto, Davis na Loveness, mjukuu mmoja, Justa, na mdogo wake, Luka, aliyemsamehe tangu siku ile aliposimama Mhunze, na kwa miaka mitano akashindwa kumwambia.

Mungu ampe dada yangu pumziko jema.