Bi. Darlene Kucera: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kutuangalia kwa Jicho la Pembeni

Ijumaa tarehe 30 Mei, Bi. Darlene Kucera anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya usalama wa madereva hapa Omaha. Hakuna aliyetoka getini na lori kabla Bi. Darlene hajamtilia shaka. Hata mimi, jirani yake wa meza, alinikagua leseni kila Januari, na wala siendeshi lori.

Wengi tulimnung'unikia. Basi niwakumbushe ya Colby Brandt, kwa ruhusa yake mwenyewe.

Colby alikuja kiangazi kimoja tukiwa na uhaba wa madereva. Trela la nyama lilisubiri kuvushwa mto, ambao ndio mpaka wetu, kwenda jimbo la Iowa, na sheria inamtaka anayevuka mpaka wa jimbo na gari la biashara awe ametimiza miaka ishirini na mmoja. Leseni yake ilisema ana ishirini na minne, na picha ilifanana naye. Meneja wetu, Bwana Hruska, alishampa ufunguo.

Bi. Darlene akaonyesha dirishani. "Hebu nisomee namba ya lile lori pale getini."

Colby akaisoma bila hata kukodoa macho.

"Hongera. Mwenye leseni hii haruhusiwi kuendesha bila miwani."

"Nimevaa lenzi za machoni, mama."

"Zitoe nizione."

Masikio yakamwiva. "Ni ya kaka yangu," akasema. "Mimi nina kumi na tisa. Yangu ipo, ila ni ya humu humu Nebraska. Mke wangu ni mjamzito, mama, na safari za mbali ndizo zinazolipa."

"Mfukuze!" akafoka Bwana Hruska.

"Huyu amedanganya, nimemkamata, amekiri," akajibu Bi. Darlene. "Wengine humu bado sijawakamata."

Akamchukua Colby kwa leseni yake halisi, kusomba mahindi ndani ya jimbo tu. Kila adhuhuri alimpigia simu: "Unaona nini dirishani?" Akisikia mto, alitaka kujua uko upande gani wa gari, asije akawa ameshavuka.

Colby alipotimiza ishirini na mmoja, Bi. Darlene alipanda naye lorini, wakavuka daraja pamoja. Colby anasema mama huyu mkali alilia mpaka ng'ambo, akidai ni vumbi. Vioo vilikuwa vimefungwa.

Sasa anahamia Scottsbluff kwa dada yake. Bi. Darlene, asante kwa kutotuamini. Wengi tulifika nyumbani salama kwa sababu hiyo. Tunakuombea siku nyingi za raha, na majirani wakweli.