Kibao Kilichotupa Mgongo

Benchi letu liko mtaa wa Kikula, mbele ya saluni iliyofungwa. Lina miguu mitatu, na wa nne ni jiwe la machimbo ya Kakontwe. Hapo Dominique huchemsha kahawa juu ya mbabula yake ya makaa, nasi tunaitazama barabara ya soko. Juzi walisimika kibao kinachokataza magari kugeuka na kurudi yalikotoka: marufuku demi-tour. Sisi tunakiona mgongo tu. Walikielekeza kwa wanaotoka sokoni. Anayetoka mjini haoni ila bati, na ili akisome lazima kwanza ageuke. Gracien, dereva wa teksi tunayemwita Pilote, aligeuka jana. Roulage, yaani askari wa barabarani, akamnyang'anya permis, leseni yake ya udereva. Leo mchana kamanda atamsikiliza, na bila permis ile teksi ni banda la kuku. Basi benchi likajifanya mahakama.

— Minye siombi pardon, alisema Pilote. Banirudishie permis yangu, nitoke na kichwa juu.

— Hautaomba, alisema Maître.

Huyu ni Arsène. Alisoma sheria Lubumbashi mwaka mmoja, na mwaka ule haujaisha hadi leo.

— Tuanze na neno. Demi-tour ni nusu. Weye uligeuka, ukasoma panneau, kile kibao, kisha ukafanya nini?

— Nikaona ni interdit. Nikageuka tena.

— Nusu mbili ni nzima. Ulifanya tour nzima, na panneau haikatazi nzima.

— Roulage alisema ni makosa mbili.

— Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu. Sasa mukubwa mwenyewe hakusema, alikupa mugongo. Muguu ya kuvunjika ni yake.

Étienne alikohoa. Ni mstaafu wa reli, jina lake hapa Chef de Gare, mkuu wa stesheni.

— Shida ni magari. Train haigeukake. Kichwa inafika, banaifungua, banaifunga ku mukia, inarudi. Ambia kamanda: sikugeuka, nilibadilisha kichwa.

— Teksi iko na kichwa moja, papa, alisema Pilote.

— Njo bubaya bwake.

Dominique, anayejifunza udereva, alijaza vikombe.

— Kwa sheria ya kweli, haugeuke ku kona, wala ku kilima kwenye hauone mbele, wala pa reli, wala pa mustari muzima. Banatufundishaka vile.

— Pale hakuna kona, hakuna kilima, alisema Pilote.

— Na mustari?

— Mustari mvua ilikwisha kuikula.

— Tena, alisema Maître, ambaye kahawa ilikuwa imempanda, panneau ukiiona kwa mugongo, inasema kinyume. Kinachokatazwa mbele kinaamriwa nyuma. Kama haungegeuka, njo ungekuwa na makosa.

— Dunia yenyewe inageuka kila siku, alisema Chef de Gare. Ni nani alikamata permis yake?

— Tunaenda bote, alisema Pilote. Tunabeba benchi, tunakaa mbele ya bureau ya kamanda mupaka permis itoke.

Tulisimama kweli. Maître alikuwa amekwisha kulikumbatia jiwe la Kakontwe alipotokea Mama Georgette, muuza mikate ya mafuta, ambaye hajawahi kukaa nasi.

— Mama, weye utakuwa témoin, shahidi wetu, alisema Maître. Uliona panneau iko mugongo?

— Niliona. Kamanda aliniita na minye. Nitamuambia banaisimamisha mubaya. Ni kweli.

Pilote aliinua kikombe kama padre.

— Lakini ataniuliza ingine, alisema Mama Georgette, na sijue nimujibu nini. Kabla ya kugeuka, weye uliangalia nyuma?

Maître akalirudisha jiwe chini. Chef de Gare akachungulia kikombe chake. Kioo cha Pilote cha kuangalia nyuma sote tunakijua: kinaning'iniza rozari mbili, na kimebandikwa picha ya binti yake Arielle akiwa na jino moja.

— Panneau... alianza Pilote.

— Panneau ilikupa mugongo, papa. Minye nilikuwa nakuya nyuma yako, nakutazama.

Akalitua sinia lake kwenye benchi. Ukingo mmoja ulikuwa umekunjika kama sikio la mbwa, na mkunjo ulikuwa na rangi ya teksi.

Pilote alinyoosha kikombe, aongezewe. Dominique akaligeuza birika mdomo chini, demi-tour halali kabisa, na hakikutoka kitu.