Subilaga Aliyemfuata Bethuel Mtoni

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Kingstanding, na ninyi mlioendesha gari tangu alfajiri kutoka Reading na Leeds, naitwa Ambokile, mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nimeyaandika kwanza kwa sababu hasira zangu mnazijua, na leo sikuja kubishana, nimekuja kusoma.

Dada yetu Subilaga Mwankenja alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Kyimbila, Tukuyu, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, sekondari hakwenda, wala hakuwahi kulisema hilo kwa kunong'ona. Akajifunza cherehani kwa mama mmoja wa kanisani, na kufikia mwaka 1980 sare za kwaya mbili pale Tukuyu zilikuwa zimetoka mikononi mwake.

Alifunga ndoa na Bethuel Mwankenja tarehe 22 Desemba 1984, wakahamia Birmingham Septemba 1997, wakajaliwa mtoto mmoja, Aida, aliyezaliwa hapa tarehe 9 Juni 1999, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hukijibu chote kwa Kiingereza. Subilaga alifungua kibanda cha ushonaji Harborne mwezi Mei 1998, akawa anapunguza suruali za madaktari na kupanua za wachungaji, kazi aliyoifanya hadi Januari mwaka huu.

Bethuel alipata kazi kiwandani, na rafiki yake mkubwa huko alikuwa Shantilal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, aliyejua Kiswahili kuliko watoto wetu wote. Shantilal alipofariki mwaka 2006, Bethuel alimsindikiza hadi kwenye tanuri la kuchomea maiti, kisha akafuatana na wanawe mpaka mto Severn, kule Bewdley, walikomwaga majivu, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba siku yake ikifika naye afanyiwe vivyo hivyo, na Subilaga akamwahidi huku akicheka, akidhani ni maneno ya msiba.

Bethuel alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Machi 2009, na mkewe akatimiza ahadi. Ukoo ukawaka kuliko hilo tanuri, kwa maana Mnyakyusa na Mkristo huzikwa, hachomwi, na siku ya kuanua matanga wifi yake Charity, dada wa Bethuel, aliyekaa hapo safu ya mbele na ameniruhusu nilisome hili, alisimama mbele ya watu na kikombe cha chai mkononi, akamwuliza, "Umemchoma kaka yangu, ukammwaga mtoni, sasa parapanda ikilia atatokea wapi?"

Subilaga aliniambia kwamba lingekuwa tusi angelivumilia, lakini lile lilikuwa swali.

Akaanza kulitafutia jibu, maktaba siku za mapumziko, darasa la jioni kule Edgbaston siku za Alhamisi, dada yangu wa darasa la saba, miwani puani, anasoma habari za Wamisri waliofunga maiti kwa vitambaa ili mwili usipotee, na Wayunani wengi walioona mwili ni gereza la roho, wakacheka waliposikia mtu anataka kulirudia gereza, na Masadukayo waliokataa ufufuo wakati Mafarisayo wameushika kwa meno. Mize, jirani yake mzaliwa wa Unguja, ambaye kwa dini yake kuchoma maiti ni haramu, na alimwambia hivyo usoni, alimwambia pia kuwa Mola ameahidi kuikusanya mifupa iliyooza, hadi ncha za vidole, kwa hiyo majivu hayamshindi. Wale wawili walibishana kwenye ua wa nyuma miaka kumi na mitano na chai haikuwahi kukatika.

Mwishowe vitabu vikamfikisha Lyon, Ufaransa, mwaka 177 baada ya Kristo, ambako Wakristo waliuawa, miili ikachomwa, majivu yakafagiliwa ndani ya mto Rhone, makusudi kabisa, ili wasiwe na tumaini la kufufuka, na wenzao waliobaki hawakuliacha tumaini hilo. Siku ile alinipigia simu nikiwa kazini, akasema, "Ambokile, wenzetu walishaulizwa swali la Charity." Hakuficha kwamba Wakristo wale wa kwanza wenyewe walipenda kuzika, na makaburi waliyaita mahali pa kulala, kama anavyolala mtu atakayeamshwa.

Ndipo akaanzisha darasa la Jumatano, la habari za ufufuo, katika ukumbi huu huu, na Jumatano iliyofuata Pasaka ya mwaka 2012 aliingia Charity, miaka mitatu hawajasalimiana, akarudia swali lake neno kwa neno, na Subilaga akamjibu, "Wifi, fundi aliyeshona bila kielelezo hashindwi kushona tena, hata ukimpelekea majivu ya kitambaa." Charity akavuta kiti, akakaa, na hajaliacha darasa lile hadi leo.

Januari mwaka huu wa 2025 Subilaga aligundulika kuwa na kansa ya kongosho. Simu zikaanza kutoka Tukuyu, arudishwe nyumbani akazikwe, asipotee kama mumewe, mimi mbili nilizikata kabla hazijaisha, lakini uamuzi ulikuwa wake, na aliutoa kitandani hospitalini, mbele yangu, Aida na Charity. Alisema, "Mimi nipitishwe alipopita Bethuel, mnimwage mto uleule, kwa sababu nikiuogopa moto, basi Jumatano zote zile niliwadanganya." Aida akamwambia mama yake ndiyo, na akalisema kwa Kiswahili. Charity akasema majivu atayabeba yeye.

Alifariki Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne, hakuogopa. Kwa hiyo mnaonong'ona huko nyuma, nimewasikia tangu nilipoanza, anayeona huruma asimwonee Subilaga, huyu ameshinda. Tukitoka hapa tunakwenda kwenye tanuri, Jumamosi tunakwenda Bewdley, mwenye nafasi kwenye gari achukue wengine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa mtaa huu, na kwa namna ya pekee Mize na wanawe waliopika siku zote hizi, wateja wa Harborne, darasa la Jumatano, na Charity.

Pumzika kwa amani, dada, ila usingizi usikunogee.