Bizimu ya Mrumi wa Germantown

YUMNA: Haloo? Nani mwenzangu?

AZHAR: Hapa ni Ubalozi wa Roma ya Kale, tawi la Adelphi. Tumepokea taarifa kwamba mali yetu—

YUMNA: Azhar, jina lako limetokea kwenye simu.

AZHAR: —imeonekana Germantown. Salaam aleikum, binti ami.

YUMNA: Waaleikum salaam. Umeona ile picha kwenye kundi la ukoo?

AZHAR: Nimeona. Sasa nisimulie. Polepole, na kwa heshima inayostahili.

YUMNA: Baba alikuwa uani kwa jirani yetu mzee Gervas na ile mashine yake ya kutafuta vyuma, kama kila Jumamosi. Unajua mwaka mzima anapata vifuniko vya soda na misumari. Leo ikalia karibu na goli la watoto. Akachimba, akatoa bizimu. Ya shaba, kubwa, ya kufungia joho begani. Kalinganisha na picha za mtandaoni, anasema ni ya Warumi, miaka elfu mbili.

AZHAR: (anakohoa)

YUMNA: Azhar?

AZHAR: Naomba dakika moja ya kuwakumbuka marehemu.

YUMNA: Unacheka.

AZHAR: Siwezi kucheka, niko kwenye basi. Alifanyaje? Alilia?

YUMNA: Alikaa kwenye nyasi. Kisha akasujudu.

AZHAR: Yallah. Yumna, keti. Nina tangazo rasmi. Mrumi ni mimi.

YUMNA: (mtandao unakwaruza) ...nani?

AZHAR: Mimi. Ni bizimu ya ule mchezo wa kuigiza shuleni. Nilikuwa seneta wa tatu, sikupewa hata neno la kusema, nikaona nisitoke mikono mitupu. Niliiloweka kwenye siki na chumvi wiki nzima mpaka ikazeeka. Ile Alhamisi tulipocheza mpira kwa mzee Gervas, nikaifukia—

YUMNA: Azhar, nyamaza.

AZHAR: Kesho kwenye chakula nitasimama, nigonge glasi, nisome risala—

YUMNA: Nyamaza, nakwambia. Baba aliweka nadhiri.

AZHAR: Nadhiri gani?

YUMNA: Si unajua kile chuo cha Boston kimenikubali? Baba alikataa kwa sababu ya kulala bweni. Akakataa siku ya Idi, mbele ya ukoo mzima, nyanya kakaa palepale. Sasa hata akitaka kurudi nyuma, atarudije? Mama akambembeleza mpaka akasema: haya, naweka nadhiri, mashine hii ikinipa kitu cha kale, Yumna ataenda.

AZHAR: Cha kale... cha kweli?

YUMNA: Unadhani alimaanisha cha seneta wa tatu?

AZHAR: Kwani bweni lina kosa gani? Mimi nimelala bweni Malindi miaka mitatu.

YUMNA: Ndiyo hoja yake. "Mtazameni Azhar." Hana nyingine.

AZHAR: Nimejeruhiwa.

YUMNA: Jumatatu ndiyo mwisho wa kuwajibu. Ukisoma hiyo risala yako kesho, mimi nabaki hapa.

AZHAR: Na nisipoisoma?

YUMNA: Naenda kwa uongo.

AZHAR: Wangu, si wako. Wewe hukujua.

YUMNA: Sasa najua. Si umeniambia, mjinga wewe?

AZHAR: Basi sikusema. Mtandao ulikuwa mbaya. Kshhh— kshhh—

YUMNA: Hiyo ni pua yako. Usinichekeshe, tumbo linaniuma. Ngoja, anapanda ngazi. Ndiyo, Baba... Azhar... Anataka kuongea nawe.

AZHAR: Mwambie nimekufa.

AMI GHAFUR: Hujafa, nakusikia unapumua.

AZHAR: Shikamoo, ami.

AMI GHAFUR: Marahaba. Habari umezipata.

AZHAR: Nimezipata. Hongera. Ami, mimi nina jambo—

AMI GHAFUR: Ngoja. Wewe ni msomi. Warumi walifika Maryland?

AZHAR: Kwa vitabu tulivyosoma sisi, ami... hapana.

AMI GHAFUR: Vitabu vina kasoro. Mimi nimeishika kwa mkono wangu. Kutu yake nzuri, ya kijani. Ila inanuka achari.

AZHAR: Achari.

AMI GHAFUR: Siki, siki kabisa. Labda ndivyo walivyokula.

AZHAR: Ami, nataka kukwambia ukweli—

AMI GHAFUR: Ukweli sijakuuliza, nimekuuliza Warumi. Mashine imelia, nimechimba, nimepata. Nadhiri yangu naijua mimi na Mola wangu. Yumna ataenda Boston. Huyu hapa kajificha nyuma ya mlango analia, anadhani simwoni.

AZHAR: Ndiyo, ami.

AMI GHAFUR: Tatizo ni mama.

AZHAR: Nyanya? Kasemaje?

AMI GHAFUR: Anasema bizimu moja si hazina, mtu yeyote anaweza kuiangusha akipita. Angeona na sarafu hapo, ya Warumi haohao, angeridhika. Na akiridhika yeye, ukoo wote kimya.

AZHAR: Sarafu.

AMI GHAFUR: Zipo, hazipo, mimi nitajuaje? Mimi mchimbaji tu. Kesho baada ya adhuhuri nitapitisha mashine palepale golini. Mama atakuja na kiti chake, atazame mwenyewe.

AZHAR: Nimekuelewa, ami.

AMI GHAFUR: Hujaelewa kitu, hatujazungumza kitu. Haya, simu ya huyu inaisha chaji. Na Azhar—

AZHAR: Labeka.

AMI GHAFUR: Hao Warumi wako wasizike chini sana. Mgongo wangu haun—