Ndege Isiyokaliwa na Mtu

Benchi la Haji muuza kahawa lilikuwa Mkomaindo, ubavuni mwa karakana ya Cecil, na mwaka ule wa ruksa ya biashara, redio kaseti na mitumba vilipomiminika Masasi, wazee wa benchi walikuwa na kazi moja tu: kumsaidia Cecil kuunda ndege. Kumsaidia kwa mdomo, yaani. Ndege yenyewe ilikaa uani, mabomba ya maji yameungwa na mabomba ya baiskeli, na puani mwake injini ya Volkswagen ya Padri. Miezi minne Padri alikuwa akienda Lupaso kwa miguu, akiamini gari linasubiri spea kutoka Dar. Alhamisi hiyo alipita, akasema kwa upole kwamba Jumatatu anakuja kuchukua gari lake, zima au bovu. Cecil akaona mambo wazi: ama ndege iruke Jumapili, ama isiruke milele, na jina la Rubani, aliloanza kuitwa miaka sita nyuma kabla hajarusha hata kishada, libaki kuwa la kuchekwa.

Tatizo lilikuwa plei, ule ulegevu wa maungio ya usukani. Fimbo ya usukani ilishuka chini ya kiti, ikashikana na bomba refu lililokwenda kusukuma mkia. Maungio yakilegea, fimbo inatikisika na mkia umelala. Yakikazwa sana, fimbo inagoma. Wiki nne Cecil alikuwa anazungusha nati ya mkiani robo duara mbele, robo duara nyuma, na benchi linamfundisha.

Kulwa, dereva wa lori la korosho, aliyeitwa Tela kwa sababu maneno yake yalifika nyuma ya wengine, alishikilia kwamba plei ni heshima.

— Usukani usio na plei unamwonea dereva, Rubani. Lori langu nazungusha nusu duara kabla halijasikia, na hatujawahi kukosana.

— Ndiyo maana uliingia kwenye duka la Mwarabu, akasema Haji.

— Lile duka lilikuwa barabarani.

Mzee Bernard, mpishi wa hospitali, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kupika siku nyingi jirani na chumba cha upasuaji, akasema hayo ni magonjwa ya viungo, ayaonayo kila siku. Dawa yake mafuta, na mafuta yawe ya maganda ya korosho. Cecil alikwisha kuyajaribu. Alibabuka vidole siku nane, na maungio hayakusikia lolote.

Haji akamimina kahawa, akatoa rai yake. Ndege inalegea kwa sababu imeelekezwa Mtwara. Igeuzwe itazame Newala, upepo unakopandia, viungo vitajikaza vyenyewe, kama mtu aliyeambiwa anarudi kwao. Tela akaona hiyo ndogo. Kwa maoni yake ndege ilikwisha kujua kwamba injini si yake, na inaona aibu.

Cecil hakucheka. Alikuwa amemaliza robo duara ya mwisho. Akasukuma fimbo kwa mkono akiwa amesimama nje. Mkia ukapanda taratibu, bila kelele, bila kutikisika. Akarudia. Ikakubali. Benchi zima likapumua, kila mmoja akijua ni ushauri wake.

Hapo ndipo alipoingia Dorika, fundi cherehani, na furushi la kitambaa cha marekani alichoshona cha kuvalisha bawa la mwisho. Hakuwahi kuketi benchini pale.

— Shikamoo Mzee Bernard.

— Marahaba, mwanangu. Umekuta tumemaliza.

Dorika akaizunguka ndege kama anavyomzunguka mteja wa suti.

— Baba Maria, akamwambia Cecil, mlipokuwa mnaipima, nani alikuwa amekaa ndani?

Wiki nne, na hakuna aliyeweka tako pale. Tela alidai mgongo, Daktari alidai umri, Haji alikuwa na birika mkononi, na Cecil, moyoni mwake, alikuwa anaingoja siku yenyewe.

— Mimi suruali nikiipima kwa mtu aliyesimama tu, akasema Dorika, inapasuka anapokaa.

Cecil akapanda, akakaa. Mbao ya kiti ikabonyea, mabomba yakalia, akavuta fimbo. Fimbo ikasimama kama imepandwa kwenye saruji. Akavuta kwa mikono miwili. Angeyajua hayo Jumapili, juu ya mikorosho.

Lazima maungio yalegezwe kidogo kidogo akiwa yeye amekaa, uzito uwe palepale. Akishuka, kila kitu kinarudi kama mwanzo. Akatoa mkono nje, akanyoosha spana namba kumi.

— Jamani, nani anakaza na kulegeza, mimi nimsemeshe kutoka huku?

Spana ikabaki hewani. Tela akachungulia kikombe chake kikavu. Daktari akakumbuka maharage ya wagonjwa, ila miguu haikuondoka. Wiki nne za elimu, na hapana hata mmoja aliyewahi kuishika nati ile.

Dorika akavua tondoo ya kushonea kidoleni, akapokea spana, akapiga magoti mkiani.

— Nizungushe upande gani?

Wakamjibu wote watatu kwa mpigo, kila mmoja na upande wake, na mmoja wao akasema juu.